Noti mpya zenye picha za kale: jinsi ya kuzitunza, na kama kweli zina thamani

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, hapa Tanga. Kaka yangu yuko Muscat na kila akija likizo huniletea noti za nchi mbalimbali anazopewa na wenzake kazini. Nimeanza kuzikusanya zile zenye picha za mambo ya kale, nioneshe wanafunzi. Sasa ninazo 19: za Misri ndizo nyingi, kuna pauni 500 ya Syria yenye Malkia Zenobia, dinari 5 ya Tunisia yenye Hannibal, na dinari 25,000 za Iraki tatu zenye Hammurabi. Mwenye stationery alinishauri nizilamineti zisichakae. Moja ya Misri, pauni 1, nimeshailamineti. Zilizokunjwa nilitaka kuzipiga pasi. Zote ziko kwenye albamu ya picha yenye kurasa za kunata, na mbili zimeanza madoa ya kahawia. Kaka anasema tununue dinari za Iraki nyingi kwa sababu zitapandishwa ghafla. Je, kwa kuwa picha ni za kale sana, noti hizi zina thamani gani? Na nifanye nini ili zisiharibike?"*

Mwalimu, zima mashine ya kulamineti na uchomoe pasi kwanza. Mengine yote yanaweza kusubiri, hayo mawili hayasubiri.

Hofu yako ni kwamba karatasi itachakaa, na ni hofu ya haki. Lakini noti si cheti. Cheti kinalindwa kwa sababu ya maneno yaliyomo. Noti ya mkusanyaji inalindwa kwa sababu ya karatasi yenyewe, yaani ugumu wake, mparuzo wa wino wake, kingo zake. Plastiki ya kulamineti ina gundi inayoyeyuka kwa joto la nyuzi 100 na zaidi, ikaingia katikati ya nyuzi za pamba za noti na kuganda humo. Ikishaganda haitoki. Ukivuta, plastiki inaondoka na tabaka la juu la karatasi pamoja na wino. Ukitumia kemikali ya kuyeyusha gundi, unayeyusha na rangi za usalama. Kwa hiyo ile pauni 1 iache ilivyo, ibandike ukutani darasani. Hasara si kubwa: kwa bei za sasa pauni 1 ya Misri haifiki hata senti 3 za dola, na nyingine ya aina hiyo ni rahisi kuipata. Ingekuwa moja ya zile dinari 25,000 tungekuwa tunazungumza kwa sauti nyingine.

Pasi nayo. Ukipitisha kidole kwenye noti nyingi utahisi maandishi makubwa au sura ya mtu imeinuka kidogo. Huo ni wino uliobanwa kwa nguvu kutoka kwenye bamba lililochongwa, ukavuta karatasi juu pamoja nao. Pasi inaulaza. Noti inatoka imenyooka, lakini inang'aa vibaya, haina mparuzo, na utepe wa plastiki uliomo ndani unaweza kujikunja. Noti ya plastiki ndiyo mbaya zaidi, kwani inasinyaa mara moja. Na kama kaka yako amekuletea pauni 10 mpya ya Misri iliyotoka mwaka 2022, hiyo ni ya plastiki. Mnunuzi mzoefu huinamisha noti chini ya taa inayotoka pembeni, na iliyopigwa pasi au kufuliwa humwonekea bila kuulizwa. Bei yake hushuka chini ya ile iliyobaki na mikunjo yake halali.

Zilizokunjwa zinyooshe kwa mkono mkavu, uziweke katikati ya karatasi nyeupe safi isiyo na maandishi, juu yake vitabu vizito, wiki mbili au tatu. Zitalala. Alama ya mkunjo itabaki na haina dawa.

Sasa albamu, ambayo ndiyo adui mkubwa kuliko mikunjo. Kurasa za kunata zina gundi inayogeuka njano na kuwa kali kadiri miaka inavyokwenda. Zitoe noti leo. Kama kuna iliyoshika, usivute noti, bali kunja ukurasa kwa nyuma taratibu uachane nayo. Ikigoma, pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno kati ya noti na ukurasa, ukiuchezesha kama msumeno. Inayogoma hata hapo iache na ukurasa wake, nitaieleza mwishoni.

Usihamie albamu nyingine ya plastiki laini kabla hujajua ni plastiki gani. Nyingi za bei rahisi ni PVC. PVC kwa asili ni ngumu, hulainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hutoka polepole: ndiyo yale yanayofanya mfuko unate na kunukia kama pazia jipya la bafuni. Yanaingia kwenye noti na kuiachia utando. Kwa miaka mingi, hasa kwenye joto la pwani, PVC huanza pia kutoa asidi inayoila karatasi. Tafuta mifuko iliyoandikwa poliesta au polipropilini; poliesta ni angavu zaidi, ngumu na ghali, polipropilini inatosha kabisa kwa ukusanyaji wako. Kama mfuko hauna maandishi, lipo jaribio la zamani: choma ncha ya waya mtupu wa shaba kwenye moto hadi iwe nyekundu, iguse kwenye kipande cha plastiki ulichokata pembeni, kisha irudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani, ina klorini, na karibu kila mara ni PVC. Fanya nje, mbali na noti, na usivute moshi wake.

Madoa ya kahawia karibu kila mara yanatokana na unyevu. Karatasi ya noti ni pamba, nayo hunywa maji ya hewani. Unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda, vimelea vya ukungu vilivyokuwa vimelala huamka, na chembe za chuma zilizobaki kwenye karatasi tangu kiwandani hupata kutu. Tanga, kama Mombasa na Unguja, hewa hupita asilimia 75 miezi mingi. Ndiyo maana ushauri wa "weka kabatini tu" unaowafaa watu wa Arusha au Nairobi haukufai wewe.

Nunua boksi la plastiki gumu lenye mfuniko wa mpira unaobana, lile la kuhifadhia chakula, la lita 5 hivi, lililoandikwa PP (yaani polipropilini) chini. Weka ndani gramu 100 za silika jeli kwenye mfuko wa kitambaa, na kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Ikishuka chini ya 30, toa nusu ya silika, kwa sababu karatasi iliyokauka kupita kiasi hukatika kwenye mikunjo. Chukua silika ya chungwa, ambayo ikishiba hugeuka kijani. Ya bluu huwa na chumvi ya kobalti isiyofaa kuchezewa nyumbani. Ikishiba, ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa 2, iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, irudi kazini. Boksi lisikae juu ya kabati karibu na bati wala chini sakafuni, na usilifungue mvua ikinyesha. Dawa ya nondo usiweke kabisa: mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki, na harufu haitoki tena.

Zile mbili zenye madoa zitenge na nyingine. Ziache zikauke chumbani penye hewa kavu siku chache, kisha kama kuna unga wa ukungu juu yake, toka nje, vaa barakoa, uupanguse kwa brashi laini ya rangi za maji, kutoka katikati kwenda nje. Doa lenyewe litabaki. Jiki italiondoa kweli, ila itaondoa na nguvu ya karatasi, na chini ya taa ya urujuanimno (UV) noti itajieleza kwamba imefuliwa.

Kuhusu kushika: mikono iliyonawa na kukauka inatosha. Glovu za pamba zinaonekana za kitaalamu lakini hunasa kingo na kuzichana.

Tuje kwenye thamani, na hapa kuna dhana nataka niivunje kwa upole. Umri wa picha hauingii kwenye bei. Mnara wa jiwe wa sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, una zaidi ya miaka 3,700. Noti inayouonesha ilianza kutoka mwaka 2003, na zimechapishwa kwa mamilioni. Wakusanyaji hulipia mambo matatu: uchache wa noti, hali yake, na watu wangapi wanaitaka. Hali ina ngazi zake zinazotambulika dunia nzima. UNC ni noti ambayo haijawahi kutumika, haina mkunjo hata mmoja. AU inaruhusiwa mkunjo mmoja mwepesi katikati, au alama ndogo ya kuhesabiwa kwenye kona, si vyote viwili. XF ni mikunjo myepesi isiyozidi mitatu, au mmoja mkali. Baada ya hapo ni VF, F na kushuka, yaani noti zilizotumika zaidi na zaidi. Noti zilizotoka mifukoni mwa wafanyakazi Muscat nyingi zitakuwa VF au F, na noti ya kisasa ya kawaida katika hali hiyo huwa na thamani ya fedha yenyewe tu, wakati mwingine pungufu. Hata zikiwa UNC, nyingi za mada yako huuzwa kati ya dola 1 na 5. Hiyo ni habari njema kwa mwalimu: unaweza kujenga mkusanyiko mzuri bila kugusa mshahara.

Dinari za Iraki. Kaka yako si wa kwanza kuambiwa hivyo; hadithi ya dinari "itakayopandishwa usiku mmoja" imezunguka tangu noti hizo zilipotoka, na imewalisha wauzaji wengi. Piga hesabu. Tangu Februari 2023 benki kuu ya Iraki imeweka kiwango rasmi cha dinari 1,300 kwa dola. Noti yako moja basi ni kama dola 19, zote tatu hazifiki 58. Dinari zilizoko mikononi mwa watu ni makumi ya matrilioni. Ili kila moja iwe dola moja kama wauzaji wanavyoahidi, Iraki ingepaswa kuwa na fedha taslimu zenye thamani kuliko pato zima la Marekani kwa mwaka. Serikali inayotaka noti zenye sifuri chache hufanya kitu kingine, inafuta sifuri: dinari 1,000 za zamani zinakuwa 1 mpya, na bei ya mkate inafuta sifuri zake pia. Tajiri hatokei. Kingine kinachowaumiza watu ni pengo la bei, kwani muuzaji anakuuzia juu ya kiwango na ananunua kwako chini yake, kama atakubali kununua. Baki na moja iliyo safi kuliko zote, mbili mwambie kaka azibadilishe kwenye duka la kubadilishia fedha.

Na hiyo moja ina somo zima ndani yake. Upande wa nyuma unaona Hammurabi amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua aliyeketi. Ni kichwa cha ule mnara wa sheria, jiwe jeusi la mita 2.25. Jiwe hilo halipo Iraki: Waelami walilibeba kama nyara karne ya 12 KK hadi Susa, Iran ya leo, Wafaransa wakalichimba huko majira ya baridi ya 1901 hadi 1902, na hadi sasa lipo Louvre, Paris. Iraki imeweka kwenye mojawapo ya noti zake kubwa kitu ambacho raia wake lazima aombe viza kukiona. Sioni kwa nini uhitaji noti ya bei mbaya kufundisha hilo.

Hapa ndipo ningekushauri uanzie: usikusanye "mambo ya kale" yote, kwa sababu hayana mwisho. Shika uzi mmoja. Ulio karibu na mkono wako ni Misri, kwani noti zake zina upande wa Kiarabu wenye msikiti na upande wa Kiingereza wenye Firauni. Piasta 50 ina Ramesses II. Pauni 1, Abu Simbel. Pauni 5, Hapi, mungu wa mafuriko ya Nile. Pauni 10 ya karatasi, sanamu ya Khafre. Ya plastiki ya 2022, Hatshepsut. Pauni 20 ya karatasi, gari la vita. Pauni 50, hekalu la Edfu. Pauni 100, Sphinx. Pauni 200, mwandishi aliyeketi. Ukizipanga hivyo una karibu miaka 2,500 ya historia kwenye kurasa tatu. Abu Simbel peke yake inatoa kipindi kizima: hekalu lililochongwa karne ya 13 KK, likakatwa vipande na kupandishwa mwambani kati ya 1964 na 1968 lisimezwe na ziwa la Bwawa Kuu la Aswan.

Uzi wa pili ninaoupenda zaidi, ingawa ni wa huzuni, ni noti zinazoonesha vitu vilivyobomolewa baada ya noti kuchapishwa. Pauni 500 yako ya Syria, toleo la 1998, ina Zenobia na ukumbi wa maonyesho wa Kirumi wa Palmyra, mji aliouongoza dhidi ya Roma hadi Kaisari Aurelian alipouteka mwaka 272 BK. Hekalu la Bel lililokuwa hapo jirani lililipuliwa Agosti 2015, na sehemu ya ukumbi huo wa maonyesho ikaharibiwa mwanzoni mwa 2017. Itafutie mwenzake, dinari 500 ya Iraki yenye fahali mwenye mabawa kutoka jumba la Sargon II, mfalme wa Ashuru. Ndugu zake waliosimama kwenye lango la Ninawi walivunjwa kwa nyundo na mashine mwaka 2015. Dinari 10,000 ina mnara wa al-Hadba wa Mosul, ulioangushwa Juni 2017. Ni wa karne ya 12, si wa kale, lakini pale kwenye ukurasa unajitetea wenyewe.

Hannibal, jemadari wa Karthago, naye yuko nchi mbili: Tunisia kwenye dinari 5, na Algeria kwenye dinari 500, ambako ndovu zake wanapambana na Warumi. Kumbuka Tunisia inakataza kutoa dinari zake nje ya nchi, kwa hiyo asiagizwe mtu kuzibeba. Nunua kwa muuzaji aliye nje. Yordani imerudisha mji wa kale wa Petra kwenye dinari 5 ya toleo jipya, kama dola 7. Ukiwa na ndugu Ulaya, yuro 5 ni rahisi kuliko zote: inyanyue kwenye mwanga, kwenye alama ya maji utaona sura ya Europa, mwanamke wa hadithi za Kigiriki, iliyotolewa kwenye chungu cha Kigiriki chenye zaidi ya miaka 2,000. Kwetu hakuna noti yenye mambo ya kale hasa. Iliyo karibu ni shilingi 2,000 yenye Ngome Kongwe ya Unguja, na hiyo ni ya Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Iweke mwishoni mwa albamu kama kibwagizo.

Kabla ya kununua, jifunze namba ya Pick. Ni namba ya utambulisho ambayo wauzaji dunia nzima hutumia, imetokana na orodha ya Mjerumani Albert Pick: dinari 25,000 ya kwanza ni Iraki P-96, pauni 1 ya Abu Simbel ya tangu 1978 ni Misri P-50 ikifuatwa na herufi ndogo kutegemea saini ya gavana. Noti isiyokuwa na namba katika orodha yoyote ishuku. Mtandaoni kuna "noti" za Kleopatra na za miungu ya Olimpo, nyingine za karatasi ya dhahabu, ambazo hazikuwahi kutolewa na benki kuu yoyote. Ni mapambo. Noti bandia za bei rahisi ni chache kwa sababu hazimlipi mwizi. Udanganyifu wa kawaida ni kukuzwa kwa hali, VF iliyopigwa pasi ikauzwa kama UNC. Omba picha nne: mbele, nyuma, dhidi ya mwanga, na moja ya kuinamisha chini ya taa. Tochi ya urujuanimno ya nanomita 365 ni msaada mzuri: karatasi halisi ya noti hubaki nyeusi isipokuwa nyuzi na alama zilizokusudiwa, karatasi ya kawaida huwaka bluu yote.

Wanafunzi wape nakala za kushika. Noti za F na VF ulizonazo ndizo zitapita mikononi mwao, na moja safi ya kila aina ibaki boksini. Hiyo inamaliza ule mgogoro wa kulamineti.

Tafuta mtu ana kwa ana mambo haya yakitokea: noti imeshikamana na ukurasa na haiachii, ina selotepu, imelowa na wino unatembea, au ukungu unarudi baada ya kuusafisha. Hapo uliza watu wa uhifadhi wa karatasi kwenye nyaraka za taifa, Dodoma au Dar es Salaam, au Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, angalau upate ushauri kabla ya kugusa. Na siku utakapopata noti ambayo muuzaji anaitaja kwa mamia ya dola, usilipe wala usiuze mpaka imepita kwa mpimaji huru. Mashirika kama PMG huipa alama kati ya 1 na 70 na kuifungia kwenye mfuko mgumu, lakini ada na posta havina maana kwa noti ya dola 3.

Kaka yako mwambie hivi: aende duka la kubadilishia fedha aombe noti mpya kutoka kwenye bunda, si za mteja. Aziweke kati ya kadi mbili ngumu kubwa kuliko noti, ndani ya bahasha, kwenye begi la mkononi. Zisipite kwenye pochi, na asizitume kwa barua ya kawaida isiyo na rejista.